Familia Zilizogawanywa na Mipaka: Sera za Jamii Katika Ushirikiano wa Mataifa ya Kituruki

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri, maofisa ustawi wa jamii mliofika kutoka wilayani, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa kikanda katika sera za familia, na waandaaji wakaniachia nichague kanda niitakayo. Nimechagua nchi zinazozungumza lugha za jamii ya Kituruki, kuanzia Uturuki na Azerbaijan hadi Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uzbekistan. Nimezichagua kwa sababu huko familia haikuachiwa wizara ndogo isiyo na bajeti, bali huzungumzwa na marais wenyewe. Hata hivyo, ninayotaka kuwaambia leo si sifa. Hoja yangu ni kwamba ushirikiano wa sera za familia huanzia pale familia inapovuka mpaka, yaani kwenye pensheni, kwenye matunzo ya mtoto na kwenye ulinzi wa mke anayepigwa, na kwamba mataifa haya yametumia nguvu nyingi zaidi kukubaliana kuhusu maadili kuliko kukubaliana kuhusu mambo hayo matatu.

Kuhusu jumuiya inayoziunganisha nchi hizi nitasema machache. Iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini Nakhchivan, Azerbaijan, tarehe 3 Oktoba 2009, na wanachama wake wa kwanza walikuwa Uturuki, Azerbaijan, Kazakhstan na Kyrgyzstan. Uzbekistan ilijiunga mwaka 2019. Tarehe 12 Novemba 2021, katika kikao cha wakuu wa nchi kilichofanyika Istanbul, lilichukuliwa jina la Jumuiya ya Mataifa ya Kituruki na ikapitishwa dira ya kufikia mwaka 2040. Hungaria ni mwangalizi tangu 2018 na Turkmenistan tangu 2021. Makao ya sekretarieti yako Istanbul, na miongoni mwa vyombo vyake limo Baraza la Wazee, ambalo mwenyekiti wake, Binali Yıldırım, aliwahi kuwa waziri mkuu wa Uturuki. Sisi ambao wazee wetu huitwa kusuluhisha hata ugomvi wa kiwanja hatuna haja ya kuelezwa baraza hilo linakusudia nini.

Wakuu wa nchi hizi huitana ndugu, na kati ya Ankara na Baku, yaani Uturuki na Azerbaijan, upo msemo maarufu wa taifa moja, nchi mbili. Udugu huo ni wa kweli katika lugha, katika ndoa, katika muziki, na hata katika namna ya kumpokea mgeni. Tatizo linaanza pale unapotaka kuugeuza kuwa sera, kwa sababu ndugu hawa hawana shida ya aina moja.

Chukueni Uturuki. Mwaka 2001, wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 2.38. Mwaka 2008, Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliwaomba wanawake wa nchi yake wazae angalau watoto watatu, ombi alilolirudia mara nyingi baadaye. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umeshuka hadi 1.48, chini ya nchi kadhaa za Ulaya ambazo Waturuki walizoea kuzicheka kwa kukosa watoto. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi sasa wamevuka asilimia 10 ya watu wote. Serikali iliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Familia, kisha ikautangaza muongo wa 2026 hadi 2035 kuwa Muongo wa Familia na Idadi ya Watu. Kuanzia Januari 2025, mzazi anayepata mtoto wa kwanza hupewa lira 5,000 mara moja. Mtoto wa pili hupewa lira 1,500 kila mwezi na wa tatu lira 5,000 kila mwezi, hadi afikishe miaka mitano. Mwaka 2025 vijana waliotaka kuoana walipewa mkopo usio na riba wa lira 150,000, mpango ulioanzia mikoa iliyopigwa na tetemeko la Februari 2023 kabla ya kuenezwa nchi nzima.

Naomba tusimame kidogo kwenye zile lira 1,500. Kima cha chini cha mshahara Uturuki mwaka huo wa 2025 kilikuwa lira 22,104 kwa mwezi baada ya makato. Posho ya mtoto wa pili, kwa hiyo, haifiki asilimia 7 ya mshahara wa mtu wa chini kabisa, katika nchi ambayo kwa miaka kadhaa imepambana na mfumuko mkali wa bei na kodi za nyumba zilizopanda kupita uwezo wa vijana wengi. Sisemi fedha hiyo haina maana kwa anayeipokea. Ninachosema ni kwamba hakuna wanandoa watakaokaa mezani, wakapiga hesabu ya kodi, maziwa na ada ya kituo cha kulelea watoto, kisha wakaamua kuzaa kwa sababu ya lira 1,500.

Hungaria huletwa kwenye mazungumzo haya kama mfano wa kuigwa, na kweli imejaribu kwa fedha nyingi. Ilianzisha mkopo mkubwa kwa wanandoa wanaotarajia kupata watoto, ikawasamehe kodi ya mapato maisha yao yote akina mama wenye watoto wanne au zaidi kuanzia mwaka 2020, kisha ikapanua msamaha huo hatua kwa hatua hadi kwa wenye watoto watatu na wawili. Wastani wa uzazi ulipanda kutoka 1.23 mwaka 2011 hadi karibu 1.6 mwaka 2021. Halafu ukashuka tena, na kufikia 2024 ulikuwa chini ya 1.4. Mgeni huyu basi ana jambo la kuwafundisha wenyeji wake, ila si lile analoalikwa kulisema: fedha huweza kusogeza mbele uzazi ambao ungekuja baadaye, lakini ni vigumu sana kuzinunua nyoyo za watu wasioiamini kesho yao.

Sasa vukeni Bahari ya Kaspi. Kazakhstan ilifikisha watu milioni 20 mwezi Novemba 2023, na mwanamke wa huko huzaa kwa wastani watoto wapatao watatu. Uzbekistan ina watu zaidi ya milioni 37, na mwaka 2024 walizaliwa watoto zaidi ya laki tisa. Kazakhstan haihitaji kumbembeleza mtu azae. Mama mwenye watoto sita hupewa nishani ya kidani cha fedha na mwenye saba au zaidi hupewa cha dhahabu, desturi iliyojaa heshima, lakini mzigo halisi wa serikali ni madarasa, walimu, maji ya bomba na ajira. Ndiyo maana sera ya Kazakhstan inayonivutia zaidi si vile vidani bali ni mfuko wa watoto ulioanza tarehe 1 Januari 2024. Nusu ya faida ya mwaka inayotokana na uwekezaji wa Mfuko wa Taifa, ambao chanzo chake ni mafuta, hugawanywa katika akaunti za watoto wote walio chini ya miaka 18, nao hawawezi kuigusa hadi watimize umri huo, na hata hapo ni kwa ajili ya makazi au elimu tu. Mgao wa kwanza ulikuwa dola 100.52 za Marekani kwa kila mtoto. Ni fedha kidogo, lakini mtoto wa mchungaji na mtoto wa waziri wamepata sawasawa, na jambo hilo halitokei mara nyingi katika nchi zenye mafuta.

Kwa hiyo upande mmoja wa jumuiya unatafuta watoto, upande mwingine unawatafutia watoto wake kazi. Tamko moja la kuhimiza uzazi haliwezi kuzihudumia pande zote mbili. Kinachoziunganisha kweli ni watu wanaotoka upande wa pili kwenda upande wa kwanza, na wengi wao ni wanawake.

Nendeni katika mtaa wowote wa watu wenye kipato cha kati mjini Istanbul, saa za asubuhi, pale wazee wanapotolewa nje kuota jua. Si ajabu kukuta anayemshika mkono bibi wa Kituruki mwenye miaka themanini ni mwanamke wa Kiuzbeki au wa Kiturkmeni, anayelala chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo. Ndiye anayepanga vidonge vya shinikizo la damu na kupika supu isiyo na chumvi, na usiku huamka bibi anapoita. Lugha haimsumbui, kwa kuwa aliyekulia Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, huchukua wiki chache tu kuelewa Kituruki cha nyumbani. Watoto wake mwenyewe wako kwa mama yake mzazi, naye huwaona kwenye kioo cha simu. Wengi wa wanawake hawa hufanya kazi bila kibali na bila bima. Familia mbili zinategemea mikono yake, moja kwa huduma na nyingine kwa fedha anazotuma, na ndiye ambaye hotuba nyingi za maadili ya familia hazimtaji.

Mnamo Septemba 2022 Uturuki iliondoa utaratibu wa raia wa Turkmenistan kuingia bila viza, kwa ombi la Turkmenistan yenyewe, nchi iliyokuwa imekaribishwa kuwa mwangalizi wa jumuiya chini ya mwaka mmoja kabla. Fikirieni mama aliyekuwa Istanbul siku ile, ambaye karatasi zake zilikuwa na kasoro. Akirudi nyumbani kuwaona wanawe, huenda asiweze kurudi kazini. Akibaki kazini, haijulikani atawaona lini. Katika maisha ya familia hiyo, uamuzi ule wa viza ulikuwa sera ya familia nzito kuliko posho yoyote ya uzazi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Kyrgyzstan inaonyesha upande uliobaki wa jambo hilihili. Fedha zinazotumwa na wafanyakazi walioko nje, hasa Urusi, zimewahi kufikia zaidi ya robo ya pato la taifa. Kuna vijiji ambavyo watu wazima wa umri wa kufanya kazi wameondoka karibu wote, na bibi analea wajukuu watano wa watoto wake watatu. Bibi huyo ana upendo wa kutosha lakini hana karatasi. Mtoto akivunjika mguu na kuhitaji upasuaji, au akihamishwa shule, sheria inamtaka mlezi aliyesajiliwa, na mara nyingi mzazi aliondoka bila kumkabidhi mtu yeyote ulezi wa kisheria. Hapa ushirikiano unaowezekana hauna gharama kubwa: ubalozi mdogo wa Kyrgyzstan ulioko Almaty au Istanbul uweze kusajili ulezi kwa siku moja, na karatasi hiyo ikubalike nyumbani, katika mji kama Osh, bila mzazi kupanda basi.

Nimesema pia kuhusu matunzo ya mtoto. Baba aliyeacha mke Samarkand, Uzbekistan, akaenda kufanya kazi Almaty, Kazakhstan, bado anaweza kufuatwa na hukumu ya mahakama, kwa sababu nchi zote mbili zilijiunga na mkataba wa Minsk wa mwaka 1993 kuhusu kusaidiana katika mashauri ya madai, ya familia na ya jinai, uliowekwa na nchi zilizotoka katika Umoja wa Kisovieti. Barabara hiyo ya Minsk haifiki Istanbul. Kati ya Uturuki na Kazakhstan iko nyingine, inayopita The Hague, kwa kuwa nchi hizo mbili zimo katika mkataba wa mwaka 2007 wa kudai matunzo ya mtoto nje ya nchi. Tazameni ramani hiyo kwa jicho la mwanasheria: ndugu hawa, wanapotaka kumdai baba matunzo ya mtoto, hupitia njia zilizojengwa na Wasovieti wa zamani au na mkutano wa kimataifa wa sheria ulioko The Hague, Uholanzi. Jumuiya yao wenyewe haijawachongea hata kichochoro.

Ukatili majumbani ni eneo lenye mvutano mkubwa zaidi, na lazima niliseme wazi hata kama kuna atakayeona ninaingilia mambo ya watu. Uturuki ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia mkataba wa Baraza la Ulaya wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, mkataba uliopewa jina la mji wake wa Istanbul, na mwaka 2021 ikajitoa, huku watetezi wa uamuzi huo wakidai kwamba mkataba unavunja familia. Sheria yake ya ndani ya mwaka 2012, namba 6284, imebaki, nayo inaruhusu amri ya ulinzi kutolewa haraka. Wakati Ankara inarudi nyuma, wengine walikuwa wanasonga mbele. Aprili 2023 Uzbekistan ilifanya ukatili wa nyumbani kuwa kosa linalojitegemea katika sheria zake. Kazakhstan, ambayo mwaka 2017 ilikuwa imeondoa kipigo katika makosa ya jinai, ilikirudisha Aprili 2024, baada ya aliyekuwa waziri wake wa uchumi kumuua mkewe katika mgahawa mjini Astana na kesi yake kurushwa moja kwa moja ili kila mwananchi aione. Alihukumiwa miaka 24. Kyrgyzstan iliongeza adhabu ya kumteka msichana kwa nguvu ili aolewe hadi miaka kumi gerezani mnamo 2013, na bado, mwaka 2018, msichana mwanafunzi aliuawa na mtekaji wake ndani ya kituo cha polisi, walikoachwa pamoja.

Wanaosema kwamba ulinzi wa mwanamke na uimara wa familia vinapingana wanapaswa kutazama mambo hayo manne kwa pamoja. Sheria za Uzbekistan na Kazakhstan hazikuletwa na wageni. Zililetwa na hasira ya wananchi wenyewe, wakiwemo akina baba waliowawazia mabinti zao. Kama kuna somo la kubadilishana katika kikao cha mawaziri wa familia, ni hili, na mwalimu hapa hatakuwa mwanachama mwenye uchumi mkubwa zaidi.

Nisije nikaonekana kana kwamba sioni mazuri. Chombo kimoja cha Uzbekistan ningependa maofisa waliomo humu wakisome kwa makini. Nchi nzima imegawanywa katika mahalla zaidi ya elfu tisa, yaani mitaa yenye uongozi wake, na aliyekulia kwetu chini ya balozi wa nyumba kumi ataitambua mara moja. Katika kila mahalla huwekwa watu saba: mwenyekiti, msaidizi wa mkuu wa wilaya, kiongozi wa vijana, mwanamke anayeshughulikia masuala ya wanawake na familia, polisi wa kuzuia uhalifu, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na ofisa wa kodi. Kuanzia 2020 yaliwekwa madaftari ya wenye shida, moja la kaya maskini, moja la wanawake na moja la vijana, na msaada ulifuata jina lililoandikwa humo. Nguvu yake ni kwamba anayeandika jina anaijua nyumba. Udhaifu wake ni huohuo. Mwanamke aliyepigwa akienda kwa watu saba ambao watano wao hunywa chai na mumewe, mara nyingi atashauriwa asubiri na apatane, hasa inapokuwa mahalla hupimwa kwa uchache wa talaka. Azerbaijan imechukua njia tofauti: tangu 2019 imefungua vituo vinavyoitwa DOST, ambako mafao, ajira na huduma za ulemavu hutolewa kwenye dirisha moja na mtumishi asiyemjua mwombaji. Mahalla inamjua mtu kupita kiasi, kituo hakimjui kabisa. Uzbekistan na Azerbaijan zikikaa pamoja kulijadili hilo tu, watakuwa wamefanya kazi ya maana kuliko kurasa kumi za tamko.

Nimebakiza pensheni, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa kuwa jambo lenyewe ni kavu. Mfanyakazi wa kuajiriwa nchini Uturuki anahitaji siku 7,200 za michango, sawa na miaka 20, ndipo apate pensheni kamili. Mwanamke mhamiaji anayefika Istanbul akiwa na miaka 40 ana uwezekano mdogo wa kuzifikisha, na siku alizochangia nyumbani hazihesabiwi zisipokuwapo makubaliano ya kuzijumlisha. Umoja wa Kiuchumi wa Ulaya na Asia, ambao Kazakhstan na Kyrgyzstan ni wanachama wake pamoja na Urusi, una mkataba wa pensheni za wafanyakazi uliotiwa saini Desemba 2019 na kuanza kutumika Januari 2021. Jumuiya ya Mataifa ya Kituruki yenyewe haina mkataba wa aina hiyo. Tusiwacheke, Itifaki yetu ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inamtambulia mfanyakazi anayehama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii tangu 2010, na aliyewahi kujaribu kuunganisha michango yake ya Nairobi na ya Mwanza anajua yaliyomkuta.

Lakini mbegu iko. Uturuki na Azerbaijan zina makubaliano yao ya hifadhi ya jamii, yaliyotiwa saini mwaka 1998, ambayo kwayo siku za kazi za Baku na za Izmir hujumlishwa na kila nchi ikalipa sehemu yake. Na tangu Aprili 2015 Uturuki ina utaratibu mwepesi unaomwezesha mwenye nyumba kumsajili mfanyakazi wa ndani na kumlipia bima bila kugeuka kampuni. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, umepata rasimu ya mkataba wa wanachama wote watano, ambao ungemfikia moja kwa moja yule mlezi wa bibi wa Istanbul, mradi apewe kwanza kibali cha kazi. Gharama yake kwa miaka ya mwanzo ingekuwa ndogo, kwa sababu wengi wa watakaochangia bado wako mbali na umri wa kustaafu, na Uturuki inayozeeka ndiyo ingenufaika kwanza na michango yao. Ugumu wake ni kwamba utawalazimu maofisa wa hazina na wa uhamiaji kukaa meza moja na maofisa wa familia, na hao wa kwanza si kawaida yao kualikwa pale familia inapozungumzwa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali yenu.